Gari Tulilolichaji Nyumbani

Mie sinunui kitu kwa kutazama tu. Waulize pale Buguruni sokoni, watakuambia: Sekela wa mchele hata maharage anayamwaga chini kwanza, anayapekua, ananusa, anatafuna moja bichi, ndipo azungumze bei. Wenzangu wananiita Hakimu. Waniite. Sijawahi kurudi nyumbani na gunia lenye mawe. Kwa hiyo mdogo wangu Tupokigwe aliponiambia kuna gari limepatikana, la umeme, la viti saba, yale ya kifahari hasa, nikamwambia aishie hapo hapo, asimpe mtu jibu, tunakwenda wote.

Na haikuwa ishu ya gari tu. Tupo alikuwa amejificha kwangu, Gongo la Mboto, yeye na binti zake wawili, Atuganile na Subilaga. Mumewe, Brightson, yuko Kawe, kazi yake kutoa magari bandarini, na yeye alikuwa anajua mkewe yuko Kyela kwa mama yetu; kwangu hapa nilipohamia karibuni hajawahi kufika. Ndivyo tulivyomwambia, na ukoo mzima ulishika neno hilo hilo.

Sasa Brightson si mtu wa kelele. Angekuwa wa kelele ningejua pa kumkamatia. Brightson ni mtu wa shikamoo. Wazee walikaa kikao mara mbili kwa ajili ya ndoa ile, na mara zote mbili alipiga magoti, akaomba radhi mpaka shangazi zangu wakatoa machozi, na Tupo akarudishwa. Baada ya kikao cha pili alimfungia chumbani pamoja na watoto, akaondoka na funguo, akarudi kesho yake jioni na mfuko wa chipsi kuku. Akawa anawagawia watoto huku anazungumza na mama yao kwa upole. "Ukiniacha nitakuzika, mke wangu. Na msibani nitalia kuliko mama yako." Tupo alinisimulia hayo akiwa amekaa kitandani kwangu, viatu hajavua, na nikamwamini papo hapo. Nilikuwa namwona kabisa yule mwanaume akilia.

Tukawa na kazi moja tu: Brightson asijue walipo. Mengine yote yalikuwa chini ya hilo.

Lakini mtu hawezi kukaa chumbani akila wali wa dada yake mpaka azeeke. Uwanja wa ndege uko hapo tu kwa jirani, na Tupo alikuwa na ndoto yake ya miaka: gari zuri la familia, la kupokea wageni wanaoshuka na watoto, mabibi na masanduku yao, liwafikishe hotelini bila jasho. La umeme, maana mafuta yanakula faida yote. Ndoto hiyo Brightson alikuwa akiicheka kila siku mezani kwake. Sasa sehemu yake ya shamba la kakao la baba ilikuwa imeuzwa, na nikasema haya, mdogo wangu, kama ni sasa ni sasa.

Tukatumia dalali. Nakueleza habari ya madalali wa Dar kama huijui. Dalali hakuoneshi mwenye mali hata umlambe miguu. Akikukutanisha naye tu, mtamruka, chake atakikosa. Kwa hiyo dalali ana dalali mwenzake, na huyo naye ana wake, na mwenye gari anabaki anaitwa "bosi" mpaka siku ya kutia saini. Siku zote utaratibu huo unanikera, lakini safari hii niliubariki. Sie nasi tulikuwa hatutaki kuonekana. Tangazo likaingia kwenye grupu la madalali kupitia namba yangu ya biashara, bila jina: linatafutwa gari la umeme, viti saba, la kufanyia kazi ya wageni wa uwanja wa ndege. Jibu lilirudi kabla chai yangu haijapoa.

Aliyejibu anaitwa Mwinshehe. Tukakutana naye Temeke, kwenye kiwanja cha magari nyuma ya duka la magodoro, Jumamosi asubuhi. Nilichagua Temeke makusudi, iwe mbali na Kawe. Tupo alivaa barakoa na mtandio umeshuka mpaka kwenye nyusi. Mwinshehe ni mtu mnene, mcheshi, mwenye simu tatu, na anakuita mama hata kama amekuzidi miaka.

"Mama karibu, mama! Hili hapa. Hili si gari, hii ni sebule yenye magurudumu."

"Sebule ninayo kwangu," nikamwambia. "Nioneshe gari."

Kweli lilikuwa gari. Jeupe la maziwa, pana, mlango wa nyuma unajinyanyua wenyewe ukibonyeza. Nikatandika khanga chini nikaingia uvunguni, na mwili wangu huu. Mwinshehe akacheka mpaka akapaliwa. Acheke. Nilikuwa nimeuliza kwa watu wanaoyajua: gari la umeme betri yake iko tumboni, imelala chini yote, ikishagonga jiwe au ikishaingia mafuriko umenunua balaa. Nikatafuta mikwaruzo. Nikatafuta tope kwenye kona. Nikanyanyua zulia la buti nikanusa kama kuna uvundo. Hakuna. Tairi zote nne za aina moja na hazijalika. Betri ilikuwa imebakiwa na afya nzuri tu, fundi wa pale kiwanjani aliipima kwa kimashine chake tukiwa tumesimama hapo. Nikaenda kukaa kiti cha nyuma kabisa, kule wanakowatupaga watoto, magoti yakapata nafasi na hewa ya baridi ikanifikia usoni. Bei nayo haikuwa ya kutupa. Ingekuwa ya kutupa ningeshtuka.

Kitu kimoja tu hakikunipendeza. Ile skrini kubwa ya mbele ilikuwa imeandikwa Kichina kitupu.

"Hii inasemaje?" nikamuuliza Mwinshehe. Kulikuwa na picha ya kichwa cha mtu pembeni, na kidoti cha kijani kinachomweka.

"Hiyo ya kawaida mama. Yametoka China haya, yanakuja na lugha ya kwao. Kariakoo kuna mafundi wanabadilisha, dakika mbili."

"Na hii?" Juu ya kioo cha kati palikuwa na kijicho cheusi, kidogo, kinatazama ndani.

"Kamera hiyo. Inamwangalia dereva asisinzie. Usalama mama, usalama!"

Tupo akaingia kwenye usukani. Akarekebisha kiti, akashika usukani kwa mikono miwili, na nikaona mabega yake yanashuka. Muda mrefu sijayaona yameshuka. Akavua barakoa. Akasema, "Dada, linanukia jipya," akaangua kicheko, na mie roho yangu ikafurahi mpaka nikasahau kununa.

Tukatoka kulijaribu barabarani, Tupo anaendesha, mie pembeni yake, Mwinshehe nyuma. Gari halina mlio, ukikanyaga linakwenda tu. Simu ya Mwinshehe ikaanza. Anapokea, anaongea chini chini, anakata, inaita tena.

"Ndiyo bosi. Wawili bosi. Ndiyo, mdogo ndo anaendesha. Hapana, hawana haraka. Ndiyo, anacheka bosi, amelipenda."

Nikageuka. "Hivi huyo bosi wako anauza gari au anaoa? Kucheka kwetu kunamhusu nini?"

"Mama nawe! Anataka tu kujua wateja wako siriasi. Watu wanapanda magari ya watu kupigia picha tu siku hizi."

Hapo hapo hewa ya baridi ikazima. Ikakaa kidogo, ikawaka tena, kwa nguvu, upande wa Tupo peke yake. Tupo akabonyezabonyeza lakini haikumsikia. Mwinshehe akasema ni ile lugha, tukishabadilisha lugha itatulia. Nilihisi baridi mgongoni, na nikajiambia ni ile hewa.

Tuliporudi kiwanjani Mwinshehe akatoa kalamu. Nikamwambia rudisha kalamu yako. Mie nina swali langu la mwisho na swali hilo halijibiwi Temeke. Umeme wa kwetu Gongo la Mboto unajulikana. Mchana uko vizuri, jioni wote wakiwasha pasi na majiko unapungua mpaka feni inazunguka kwa huruma. Gari la umeme linaweza kuwa malaika hapa, likifika kwako likakataa kula. Utalipeleka wapi? Utalirudisha kwa nani?

"Sinunui mpaka nilione linachajiwa kwangu," nikamwambia. "Kwenye soketi yangu, na mita yangu naiangalia ikihesabu. Likikubali, tunaandikishana. Likikataa, unalichukua unaondoka nalo."

Nilitegemea ugomvi. Nani Dar hii anakupa gari ukalale nalo? Mwinshehe mwenyewe alikuna kichwa, akasogea pembeni kupiga simu. Hata hakumaliza sentensi. Nilimwona ametoa simu sikioni, anaiangalia.

"Amekubali," akasema. "Amesema mama ana akili sana, gari la umeme ndivyo linavyonunuliwa. Kaeni nalo mpaka kesho."

"Hataki hata rehani? Hataki kitambulisho changu?"

"Hataki kitu. Amesema anawaamini."

Tupo akanivuta mkono. "Dada, twende. Watu wastaarabu bado wapo." Nilitaka kusema neno. Lakini alikuwa amesimama pale jua linampiga usoni, ametabasamu, hana barakoa, na nikalimeza.

Tulifika nyumbani mchana. Nyumba yangu iko ndani kidogo, ukishapita kambi ya jeshi, uchochoro wa kulia, geti la bluu. Tupo aliliingiza gari kwa ustadi, likajaa uani lote. Mwinshehe akatuonesha pa kuchomeka waya, akachukua bodaboda akaenda zake. Nikachomeka. Taa ndogo ikawaka, na kwenye mita uniti zikaanza kushuka kwa mwendo wa heshima. Nikaleta kigoda nikakaa mbele ya mita. Linakula. Soketi haichemki. Nikajisikia bingwa, nakwambia ukweli. Nikamwita Tupo jikoni, "Mdogo wangu! Limekubali!" naye akapiga kigelegele kifupi, cha kujiziba mdomo, maana hatukuwa watu wa kupiga vigelegele pale.

Watoto walikuwa wamekwishaingia garini tangu zamani. Wamekaa kule nyuma kabisa, vioo vimeshushwa, wanacheza abiria na konda. Subilaga anasema, "Mzungu, lete begi." Atuganile anasema yeye si mzungu, yeye ni rubani.

Vioo vikapanda.

Vyote kwa pamoja, taratibu, bila mtu kugusa. Kisha milango ikalia, ta! Taa za mbele zikamweka mara moja. Watoto wakacheka, wakidhani ni mimi. Na mimi nikadhani ni wao. Nikaenda kuvuta mlango, haufunguki. Nikachukua kile kikadi cha kufungulia gari alichotuachia Mwinshehe, nikakiweka pale alipotuonesha. Mlango ukafunguka sauti tu, ta, na kabla sijavuta ukajifunga tena, ta. Nikarudia. Ta, ta. Kuna mtu alikuwa anafunga kila ninapofungua.

"Atu," nikasema kupitia kioo, "njoo mbele, vuta hicho kishikio cha mlango wa dereva."

Akasimama aje. Ndipo sauti ikatoka ndani ya gari. Ilitoka kwenye spika zote, ya kiume, safi, nzito, ya mtu asiye na haraka.

"Atu. Kaa, mwanangu. Baba amesema kaa."

Atuganile akakaa. Nikamwona mtoto anavyokaa, mikono juu ya mapaja, mgongo umenyooka, na nikaelewa walivyokuwa wanakaa Kawe.

"Subi, umekua. Nakuona. Mama anapika nini? Msilie, baba hayuko mbali. Nipo Pugu Road hapa, foleni kidogo tu."

Nilikuwa nimesimama mbele ya kioo, kile kijicho cheusi kinanitazama kutoka ndani, na sauti ikageuka kwangu kwa adabu zote.

"Shikamoo, dada Sekela."

Na mdomo wangu, Mungu wangu, mdomo wangu ukaitika wenyewe.

"Marahaba."

"Ndaga, dada," akashukuru kwa lugha ya kwetu Kyela. "Asante kwa kunitunzia familia. Uliposema unataka kulichaji nyumbani nilifurahi sana. Nilikuwa nawaza nitawafikiaje."

Niliita jina la mdogo wangu mpaka mbwa wa mtaa wa pili wakabweka. Tupo akatoka na mwiko mkononi. Hakuuliza. Aliisikia ile sauti, akasimama mlangoni, na mwiko ukaanguka. Nilimwona anasinyaa palepale, mabega yanapanda kurudi mahali pake pa zamani, na hasira iliyonipata sikuwahi kuipata maishani. Nikakimbilia mchi wa kinu.

"Watoto, inameni! Jifunikeni uso!"

Nikapiga kile kioo kidogo cha pembeni nyuma. Mchi ukaruka ukanirudia, nusura univunje meno. Brightson ndani anasema, "Dada, taratibu, utawaumiza." Nikapiga tena. Nikapiga mpaka kikawa cheupe chote, nikakisukuma kwa kiwiko na khanga, kikaanguka ndani. Tupo alikuwa amekwishafika. Tukamvuta Subilaga kwanza, kisha Atuganile ambaye hakutaka kutoka, alikuwa anasema, "Baba amesema tukae, mama mkubwa, baba amesema tukae," mpaka nikamshika kwapa nikamtoa kwa nguvu, mguu mmoja bila kiatu.

Nikampigia Mwinshehe. "Bosi wako anaitwa nani?" Akababaika. Nikamtukana matusi ambayo Mungu atanisamehe siku yake. Akasema, "Mama, mie simjui vizuri, haki ya Mungu. Yeye ndo alinitafuta. Ameliona tangazo lenu kwenye grupu, akasema hilo analijua linatoka kwa nani, akasema nikupeni gari lake, kila mtakachotaka nikubali." Nikakata.

Tupo alikuwa amekaa chini ukutani, watoto wamemng'ang'ania. "Dada, tuko Gongo la Mboto. Foleni ya Pugu Road siyo ndefu." Alisema hivyo kwa sauti ya kawaida kabisa, nayo ndiyo iliyonitisha kuliko zote.

"Nyanyuka," nikamwambia. "Simu yako iache. Nguo ziache. Chukua zile hela zako za gari, zote, na hao watoto." Nikamsukuma mpaka ukuta wa nyuma, kwa jirani yangu mwenye bajaji, tukawapitisha watoto juu ya tofali. Tupo akanishika uso kwa mikono yote miwili. Akaanza, "Dada, nitakwenda kwa..."

Nikamziba mdomo. Kwa kiganja, kwa nguvu, kama mtu anayegombana naye.

"Usiniambie. Usinitajie mtu, usinitajie mji. Mie siwezi kumdanganya yule, si umesikia mwenyewe nilivyomwitikia? Nikijua atanitoa. Nenda."

Akapanda ukuta. Nilisikia bajaji inawaka, nikaisikia mpaka ikachanganyika na nyingine.

Sikukaa sana. Geti likagongwa kistaarabu. Nilifungua mwenyewe, mchi mkononi. Brightson alikuwa amevaa shati la mikono mirefu, limepigwa pasi. Akaniamkia tena, na safari hii sikuitika. Hakujali. Akaingia, akalizunguka gari lake, akakiangalia kioo kilichovunjika, akaokota kiatu cha Atuganile akakipangusa vumbi. Akachomoa waya, akaukunja vizuri, akaniwekea kwenye kigoda changu.

"Umeme wako uko vizuri dada," akasema. "Wako wapi?"

"Sijui."

Akanitazama. Alinitazama muda mrefu, usoni, machoni, anatafuta pa kuingilia. Uso wangu haukuwa na cha kuficha, na akaliona hilo.

"Nakuamini," akasema. "Wewe hujui kweli. Basi tutasubiri wote, dada. Lazima atakutafuta. Ninyi mnapendana sana."

Na ndivyo tunavyosubiri. Kila Jumapili baada ya ibada anakuja, anakaa kwenye benchi la uani, anaomba maji ya kunywa, ananisimulia habari za bandarini. Majirani wanamsifu. Wananiambia una bahati Sekela, shemeji gani siku hizi anakuja kusalimia. Nikimbilie wapi, nimshitaki kwa lipi? Kwamba ananiamkia? Shangazi zangu wamepiga simu kutoka Kyela, wanasema labda amebadilika, labda tuitishe kikao cha tatu. Nikawaambia atakayeitisha kikao hicho asinizike.

Jumapili iliyopita simu yangu ililia akiwa amekaa hapo hapo, glasi mkononi. Namba ngeni. Wateja wa mchele hawanipigiagi Jumapili. Niliitazama inavyolia mezani, katikati yetu.

"Pokea, dada," akasema kwa upole.

Sikupokea. Ililia mpaka ikakata. Akanywa maji yake akamaliza, akashukuru, akaondoka.

Jumatatu sokoni niliazima simu ya mwenzangu, nikaipiga ile namba. Akapokea mwanaume, sauti ya mtu wa barabarani, magari yanapita nyuma yake. Nikamuuliza nani amenipigia jana kwa simu hii.

"Ah, jana kuna mama mmoja aliniomba simu hapa stendi," akasema. "Ana watoto wawili wa kike, mmoja alikuwa anaumwa, amembeba. Alisema anampigia dada yake. Alisubiri sana upokee. Hapa stendi ya..."

"Kaka, usinitajie," nikamwambia.

"Eti?"

"Usinitajie hiyo stendi. Nakuomba. Hali ya mtoto ilikuwaje?"

"Sijui mama, waliondoka. Lakini ukitaka kuja, siyo mbali, ni hapa..."

Nikakata. Mwenzangu akaniuliza mbona nalia, nikamwambia nimepata habari mbaya za nyumbani. Jumapili Brightson atakuja, atakaa, ataomba maji, ataniuliza. Nitamwambia sijui, na iwe kweli.